Mafinga na Misindano Yake: Tatizo Ni Umri wa Mti na Mahali Ulipopandwa

Ukitoka Iringa mjini kuelekea Mbeya, mwendo wa kama kilomita 80, barabara inapanda mpaka masikio yanaziba. Kisha ardhi inatulia, inakuwa uwanda wa mabonde na vilima vya upole, na kushoto kulia ni misindano mitupu, ile miti mirefu ya mbao yenye majani kama sindano. Hapo umeingia Mafinga, mji wa wilaya ya Mufindi ambao ramani za mkoloni ziliuita John's Corner. Mbao utaziona kabla ya nyumba, zimesimamishwa kando ya barabara, zimeegemezana kama paa la kibanda ili upepo uzikaushe. Mji uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai asubuhi unaona pumzi yako mwenyewe, na vijana wa bodaboda wanavaa makoti ambayo Dar es Salaam hayana kazi.

Siku hizi huku mjadala ni mmoja: je, miti imezidi? Kuna wanaosema miti ndiyo iliyowajengea nyumba na kuwasomeshea watoto. Wengine wanasema miti imekausha chemchemi na kuyasukuma mahindi pembeni. Nimewasikiliza wote, na naona kila upande una haki kuliko mwenzake anavyotaka kukiri.

Kwanza tuondoe dhana moja. Wageni wengi wanaamini hapa palikuwa na msitu mkubwa wa asili uliofyekwa ili misindano ipandwe. Kwa sehemu kubwa ya uwanda huu, sivyo. Palikuwa nyasi, nchi ya malisho ya Wahehe. Msitu wa asili uko mashariki, kwenye ukingo unaoporomoka kuelekea bonde la Kilombero. Huko hewa yenye unyevu hupanda na kugeuka ukungu, na ndiko wazungu walikofungua mashamba ya chai. Ukienda magharibi, upande wa Sadani, mvua inapungua. Mafinga iko katikati, na msimu wake wa mvua ni mmoja, kuanzia Novemba mpaka Aprili au Mei, halafu kiangazi kirefu chenye baridi.

Hali hiyo ndiyo iliyoukubali msindano wa Mexico, ambao wataalamu wanauita Pinus patula. Majaribio ya kwanza ya shamba la miti la Sao Hill, hapa Mufindi, yalifanyika 1939. Upandaji mkubwa ulikuja baada ya uhuru na kushika kasi miaka ya 1970, kwa hoja kwamba taifa lenye shule nyingi litahitaji karatasi yake lenyewe. Kiwanda cha karatasi cha Mgololo kikazaliwa miaka ya 1980, na mwaka 2004 kikaingia mikononi mwa watu binafsi. Leo shamba la Sao Hill, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), lina eneo linalozidi hekta 130,000. Hakuna shamba la miti la serikali nchini linalolifikia.

Sasa wanaoutetea mti. Hoja yao ya kwanza ni ya akiba, na kwangu ni nzito. Mahindi huku bila mbolea ni kupoteza nguvu, na bei ya mbolea mkulima haipangi yeye. Mti ukishapandwa, ukapaliliwa miaka ya mwanzo na kuzungushiwa barabara ya moto (ukanda uliofyekwa ili moto usivuke), unakua hata kama mwenyewe amelala hospitali. Mjane mwenye ekari mbili za miti si sawa na mjane asiye nazo. Hoja ya pili inavuka mipaka ya Mufindi: kila kenchi ya msindano inayopaua nyumba ya Kimara au Dodoma ni mti wa asili, mninga au mkongo, uliobaki umesimama porini. Hoja hii haisemwi vya kutosha, nami naiunga mkono bila kusita.

Wanaoulalamikia mti wanaanzia bondeni. Wahehe wana kilimo chao cha vinyungu: wakati wa kiangazi, vilima vikikauka, watu hushuka kwenye mabonde yenye unyevu na kulima maharage, mboga na mahindi ya kuchoma. Kinyungu ndicho kinachoivusha familia mpaka mavuno. Mabonde hayo hayo ndiyo mlingoti (wengine wanauita mkaratusi) unayoyapenda, kwa sababu penye maji unapaa kama moshi. Mwenye fedha kutoka mjini ananunua bonde, anapanda milingoti, na jirani wa chini anaona kijito kimebaki tope.

Je, ni kweli mti unakunywa hivyo? Afrika Kusini, ambako nyasi zilipandwa misindano na milingoti kwa muda mrefu kuliko kwetu, walipima mito yao na kukuta maji yamepungua. Sheria yao ya Maji ya 1998 inahesabu kilimo cha miti ya biashara kuwa shughuli inayopunguza mtiririko wa mito. Kwetu jambo hili linafika mbali, kwa sababu Ruaha Mdogo, mto unaopita Iringa mjini, unaanzia huku Mufindi, na maji yake huishia Mtera na Kidatu kwenye mitambo ya umeme. Kwa hiyo anayemwambia mama wa kinyungu kwamba anachoona ni imani tu, anamkosea.

Lakini kuna hasara nyingine isiyopigiwa kelele, nayo inamuumiza mpanda miti mwenyewe. Simama kwenye mashine ya ding dong, ile misumeno ya kuhamahama inayolia vijijini kutwa nzima. Tazama gogo linaloingia. Mara nyingi ni jembamba, unalikumbatia kwa viganja viwili. Tazama kichwa chake kilichokatwa: pete ni chache, pana, na utomvu unachuruzika. Kijana analisukuma, zinatoka mbao mbili au tatu za 2 kwa 4, zilizobaki ni mabanzi na unga. Wiki mbili baadaye zile mbao, zikiwa zimeegemezwa juani, zimepinda kama upinde. Huo ni mti wa miaka 8 au 10. Sao Hill huuacha msindano ukue miaka mingi zaidi kabla ya kuuvuna.

Hesabu yake ni nyepesi. Gogo la sentimita 30 kwa upana halina mbao mara mbili ya gogo la sentimita 15. Ukubwa wa kichwa chake ni mara nne. Mkulima anayekata mapema anaacha sehemu kubwa ya mali yake shambani. Wala hakati kwa ujinga. Anakata kwa sababu mahitaji ya kidato cha tano yamefika Julai, na dalali amefika na fedha taslimu. Umri wa mti unapangwa na shida ya nyumbani.

Ndiyo maana siwezi kuungana na wanaotaka upandaji usimamishwe, wala na wanaosema uachwe uendelee hivi hivi. Misindano ya vilimani ibaki, na anayeimiliki apate mahali pa kukopa kwa dhamana ya miti iliyosimama, ili mahitaji ya shule yasilipiwe kwa shoka. Wilaya yenye msitu wa ukubwa huu na benki barabarani haishindwi kulianza jambo hilo, hata kupitia ushirika wa kijiji kimoja.

Mabondeni msimamo wangu ni mkali zaidi. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bwawa. Lawama yangu kwa sheria hiyo ni namna inavyotumika: mama wa kinyungu anafyekewa mahindi ndani ya msimu mmoja, milingoti ya mwenye gari inaachwa miaka kumi mpaka ikomae. Kamba ya mita 60 ianze kupimwa kwenye milingoti. Na kuikata tu hakutoshi, kwa sababu kisiki cha mlingoti huchipua upya, na machipukizi yakishika maji yale yale, baada ya miaka michache kijito kitarudi kuwa tope. Visiki ving'olewe, na gharama ailipe aliyepanda.