Ngiri Ana Haki, Mimi Nina Reki

Leo nimeitwa shahidi. Wala si mahakamani, ni katikati ya uwanja wa gofu, jua la Februari la Naivasha likinichoma utosi, na kesi yenyewe ni ya ngiri.

Kiangazi cha huku mnakijua. Porini hakuna jani bichi, na anayemwagilia nyasi mchana na usiku ni mimi peke yangu. Sasa wewe ungekuwa ngiri ungekula wapi? Tumetoboa grini, yaani ile nyasi fupi inayozunguka shimo la mpira, kwa mashine, tumemwaga mchanga, tumefagia, ili masika yakiingia mizizi ipate hewa. Kumbe tumemwandalia bwana mkubwa meza. Kiboko angalau huja usiku, hatujuani, hatusalimiani. Ngiri ana saa za ofisi! Naripoti, anaripoti. Anapiga magoti ya mbele, utadhani anaombewa, kisha pua chini, fukua. Na kumgusa huwezi, sheria ya wanyamapori ya 2013 ipo. Mimi nimeruhusiwa kupiga makofi. Nimepiga. Amenitazama, akaendelea kutafuna.

Basi nipo na reki yangu, nasikia, "Mzee wa reki, hebu njoo!" Waheshimiwa wawili wameinama juu ya mpira uliotulia kwenye kijishimo pale kwenye fewei, ile njia ya nyasi ya kuelekea grini. Mmoja anasema hilo ni shimo la mnyama, Kanuni ya 16 ya gofu, anauhamisha bila adhabu. Mwenzake anasema shimo gani, hiyo ni alama ya kwato, piga mpira hapo hapo ulipo. Wamewekeana dau. Kedi, mbeba mfuko wao wa vijiti, anaangalia mawingu, na mawingu hayapo; mtoto wa watu anajua bahshishi inatoka mfuko gani.

"Mzee, huyu mnyama alichimba au alikanyaga?"

Nikachutama. Nikatia kidole. Upande huu kwato mbili wazi kabisa, upande ule udongo umetupwa nje na mzizi umekatwa. Nikasema kwa sauti ya hakimu, "Waheshimiwa, alikanyaga kwanza, halafu akaonja, akaona pananoga."

Hapo ndipo niliharibu. Simu zikatoka, kanuni zikasomwa. Kumbe hata kijia kinachoingia kwenye shimo la mnyama kinahesabiwa kuwa sehemu ya shimo! Sasa tukawa tunatafuta kijia, watu wazima wanne, tumeinama mstari mmoja. Mama ngiri akapita na watoto wake, mikia juu, akafika kwenye pango lake chini ya mgunga, akawatanguliza watoto, kisha akaingia yeye kinyumenyume, uso nje, akatutazama. "Muulizeni mwenyewe basi," nikasema. Hakuna aliyecheka. Nikaambiwa nina dharau.

Dharau! Kwa kanuni zao za gofu, tumbili akibeba mpira wako, unarudishwa ulipokuwa, adhabu hakuna. Ukikuta nyoka mwenye sumu karibu na mpira, unahama bure. Mimi matatu ikiniangusha njiani nikachelewa, siku hiyo silipwi. Kitabu kizima hakina kanuni moja ya mtu wa kufukia. Maana wao walihamisha mpira, wakaenda zao kugombana kwenye shimo la nane, na kijishimo kikabaki na mimi. Na nyasi yenyewe ni ya Kikuyu, ile ile iliyoorodheshwa Marekani kuwa gugu, huku naibembeleza kwa maji ambayo nyumbani kwangu hayatoki.

Mama watoto naye anataka nimbebee nyasi za mbuzi. Nyasi za grini tunakata chini ya milimita 5, na zina dawa. Nitamlisha mbuzi kwa kijiko? Na huyo mbuzi nani alimwomba? Alinunuliwa na shemeji, kwa pesa yangu, niliyompa akalipe karo. Akipiga simu mwambieni nipo kazini, nafukia.