Ya soda gani ya elfu ishirini?

Jamani, hivi faili lina miguu? Mara nne sasa natoka Mikindani kwa nauli yangu kwenda ofisi moja pale mjini Mtwara kufuatilia hati ya kiwanja, naambiwa faili halionekani. Juzi karani kanivuta pembeni: "Mama, si uache ya soda basi, elfu ishirini tu." Soda gani hiyo, au kreti nzima? Na ngoja Oktoba, minada ya korosho ikianza, bei ya hiyo soda itapanda. Wanajua tumeshalipwa.

Ukutani, juu ya kichwa chake, kuna bango la TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, namba ya simu 113, limepauka kwa jua. Sheria ya rushwa ya 2007 inamtia hatiani anayepokea na anayetoa, kwa hiyo nikitoa na mimi nimo. Nisipotoa, benchi linanisubiri. Kijana tuliyekaa naye katoa. Faili lake likaonekana kabla chai ya karani haijapoa.

Sasa yule bibi wa Nanguruwe, fomu kwenye mfuko wa rambo, hana hata nauli ya kurudi?

Jumatatu nakwenda tena. Nitambebea soda, ya chupa, baridi. Tuone atasemaje.