Saa Moja Isiyoguswa

Ndugu zangu huniuliza mara kwa mara kama watoto wa ughaibuni wana afya kuliko wa nyumbani. Zamani nilijibu bila kusita kwamba wa nyumbani ndio wenye nguvu, kwa kuwa sisi tulikwenda shule kwa miguu, tukarudi kwa miguu, na jioni tukacheza mpaka giza likaingia, wala hapakuwa na aliyetuambia kwamba hayo ni mazoezi. Huku niliyakuta mazoezi yamepangiwa ratiba kama dawa, nikaona ajabu.

Safari yangu ya mwisho ya kwenda nyumbani ilinibadilisha mawazo. Mpwa wangu wa miaka 14 alipanda nami ngazi za ghorofa tatu, akasimama katikati, kiganja ukutani, akihema. Si mgonjwa. Anapelekwa shule kwa gari, anarudishwa kwa gari, na jioni hukaa na simu na kopo la soda. Niliposoma maandishi ya lile kopo la mililita 330 nilikuta gramu 35 za sukari, karibu vijiko tisa vya chai. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba sukari ya namna hiyo isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ni bora zaidi ikiwa chini ya asilimia 5, ambayo kwa anayetumia kalori 2,000 ni gramu 25 tu.

Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2020 unawataka wenye umri wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa angalau dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na angalau siku 3 kwa wiki wafanye mazoezi ya nguvu zaidi, pamoja na ya kuimarisha misuli na mifupa. Kuruka kamba kunatosha; kukimbizana kunatosha. Hata hivyo, takwimu za mwaka 2016 zilionyesha kwamba asilimia 81 ya wanafunzi wa miaka 11 hadi 17 duniani hawakufikia kiwango hicho, na wasichana walikuwa nyuma ya wavulana. Kwa hiyo huku nako hakujasalimika, na tena nimewaona huku mabinti wanaojinyima chakula ili wakonde, katika umri ule ule ambao mifupa inahitaji kujengwa.

Ninachokisifu huku ni kimoja: katika shule ya wanangu, mitihani ikikaribia, kipindi cha michezo hakiguswi. Nyumbani ndicho cha kwanza kufutwa ili masomo ya ziada yapate nafasi, na sisi wazazi tunashukuru, ilhali shinikizo la damu na kisukari cha aina ya pili havisubiri tena mtu afike utu uzima.

Dada yangu amekubali gari limshushe kijana njiani, atembee dakika 20 zilizobaki, na soda imebaki ya siku za sherehe. Dakika 40 nyingine bado tunazitafutia nafasi.