Katibu wa Mlisho

Kosa langu ni kimbelembele. Kijiwe chetu cha kahawa hapa Magomeni kilikuwa kinasoma gazeti moja watu tisa. Anayewahi anakamata kurasa za michezo, anayechelewa anaambulia matangazo ya zabuni na picha ya waziri akikata utepe. Siku moja likachanika katikati ya wanaume wawili wenye ndevu, kila mmoja kabaki na nusu ya Aziz Ki. Nami nikafungua mdomo: "Jamani, siku hizi kuna mlisho. Habari za tovuti zote zinakuja sehemu moja, mnasoma wote bila kugombania karatasi."

Hapo hapo nikapewa ukatibu. Mwenye duka akatoa kishikwambi chake cha zamani, kioo kimepasuka kama delta ya Rufiji. Bando, wakasema, tutachangishana. Hadi leo mchango niliopokea ni kashata mbili.

Nilisoma kwanza, msinione nimekurupuka. Kitu chenyewe kinaitwa RSS, kilianzia Netscape mwaka 1999, na herufi zake siku hizi watu huzitafsiri kuwa ni usambazaji rahisi kweli kweli. Rahisi! Aliyeona ni rahisi hajawahi kukaa benchi moja na Fundi Cherehani. Kazi yake ni hivi: tovuti inaweka faili lenye vichwa vya habari, tarehe na viungo, halafu programu yako inapita kila baada ya muda kuchungulia kama kuna kipya. Ni sawa na mtoto unayemtuma kila saa kwa Mangi akaulize kama mkate umefika. Wewe kazi yako ni kubandika anwani tu.

Nikabandika ya kwanza. Nilikosea, nikaifungua mahali pa kufungulia tovuti, kioo kizima kikajaa mishale, mikwaju na herufi zisizotamkika. Fundi akachungulia begani kwangu, akarudi nyuma hatua mbili. "Katibu, hii hirizi umetuletea ya nani?"

Tuyaache hayo. Shida hasa ilianza pale nilipowaambia kwamba kuna kichujio, kwamba ukiandika neno unalolitaka, programu inakuletea habari zenye neno hilo peke yake. Nikaandika "Simba". Basi kesho yake tukapata Simba. Tukapata simba walioingia kwenye zizi la ng'ombe. Tukapata bei ya mfuko wa saruji ya Simba, ile ya Tanga. Tukapata Diamond Platnumz, maana naye hujiita Simba. Mpira? Habari moja, tena ya juzi.

Mzee mmoja tunamwita Mzee Sunderland, kwa sababu klabu ilipoacha jina la Sunderland ikawa Simba mwaka 1971 yeye hakushirikishwa, na kitu ambacho hakushirikishwa hakitambui. Akaninong'oneza: "Mwanangu, andika jina letu lenyewe." Nikaandika, maana mkubwa hakataliwi. Asubuhi mlisho umefurika Sunderland ya Uingereza. Mzee akaniita nimsomee, nikamsomea, tumeshinda ugenini mabao mawili. Akafurahi, akaninunulia kahawa. Nitamwambiaje? Mpaka leo sijamwambia. Anauliza tu hao wazungu tumewasajili lini.

Watu wa Yanga nao wakaja juu, kwamba Katibu ana upendeleo. Nikawawekea tovuti kumi na moja ili wanyamaze. Kumbe tovuti zetu bwana, moja ikiandika jambo, nyingine zinanakili mpaka makosa ya tahajia. Mshambuliaji mmoja kasajiliwa, mlisho ukaleta habari tisa. Muuza miwa akazihesabu kwa kidole, akasimama na kutangaza kijiwe kizima: "Wananchi tumesajili washambuliaji tisa! Golini atakaa nani?"

Halafu kuna suala la saa. Programu ilikuwa imejipangia saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma yetu kwa saa 3, nami sikuliona. Ratiba ya mechi ikaandika 16:00. Dereva wetu wa daladala akasoma: saa kumi jioni. Akamwachia gari deiwaka, akawahi kibanda umiza, akalipa kiingilio, akakaa anatazama filamu ya Kihindi inayotafsiriwa na mtu mwenye mafua. Mechi ilikuwa saa moja usiku. Kurudi, gari limeletwa halina kioo cha pembeni. Kioo hicho nadaiwa mimi. Nimejaribu kumweleza habari za Greenwich, akaniuliza huyo Greenwich anapatikana wapi, wachangie wote wawili.

Bando nalo! Nilipoiacha programu ichungulie kila dakika 15, bando la wiki likaisha Jumanne. Nilipoipunguza ichungulie mara moja kwa siku, wakasema habari zimelala. Na tovuti nyingi hazikupi habari nzima, zinakupa mistari miwili halafu "endelea kusoma", na kuendelea ni bando jingine. Fundi anasema ni ujanja ule ule wa magazeti ya hadithi, jamaa kashika mpini wa mlango, itaendelea wiki ijayo.

Nywila nilidhani ni siri yangu. Nimeikuta imeandikwa kwa mkaa ukutani, juu ya jiko la kahawa, na chini yake mtu kaongeza "usifute". Kwa hiyo kila mtu anaongeza anachotaka. Kuna mlisho wa bei za mbao. Kuna wa mapishi, hakuna anayekiri. Kuna mmoja wa Kireno kuhusu kufuga njiwa, na nikiufuta usiku, asubuhi umerudi.

Jana nikachoka. Nilipoondoka kwenda msibani, kona ya kioo ilikuwa inasema habari 1,340 hazijasomwa, na nikaapa nikirudi najiuzulu, kishikwambi nakirudisha dukani. Nimerudi jioni, nakuta kijiwe kimetulia, watu wamenyoosha miguu kama wametoka kuvuna. Nikatazama ile kona: sifuri.

"Mmezifanyaje?"

"Tumesoma," akasema Mzee Sunderland, akinionyesha kitufe kilichoandikwa "Weka zote zimesomwa". "Nilibonyeza mwenyewe. Zimekwisha zote, 1,340."

Wakatikisa vichwa, wasomi watupu. Muuza kahawa akanimiminia kikombe.

"Kesho, Katibu," akasema Mzee, "tuletee nyingi kidogo."