Baba mkwe na magimbi yenye matundu

Kwa Wanyakyusa wa kizamani mkamwana hakutani na baba mkwe. Akitokea njiani unachepukia migombani. Akiwa sebuleni wewe uko jikoni, na sauti yako asiisikie. Familia nyingi za Mbeya mjini zimeshalegeza. Ya mume wangu bado, na mimi sikuwahi kulalamika, maana mkwe asiyeweza kukusema usoni ni neema. Mpaka Julai ile, alipochukua jembe akaelekea kwenye bwawa langu.

Bwawa ni jina la heshima. Ni shimo nyuma ya nyumba, hapa Uyole, nimelitandika nailoni nyeusi. Humo nimepanda lotasi, ambayo watu huiita yungiyungi, ingawa yungiyungi jani lake hulala juu ya maji na la lotasi husimama juu kabisa, tone la maji likilidondokea linateleza. Mbegu yake ina ganda gumu ajabu. Usipoisugua kwa msasa hadi uone weupe, unaweza kuisubiri uzee wako wote. Mbegu iliyochimbwa China iliwahi kuota ikiwa na miaka ipatayo 1,300. Nilisugua, nikaloweka kwenye maji ya uvuguvugu, nikahamishia kwenye beseni la udongo wa mfinyanzi. Mwaka wa pili ikanipa ua moja la waridi. Majirani walikuja kupiga nalo picha.

Sasa lotasi inapenda joto, na Uyole ya Juni na Julai ni baridi. Majani yanakauka, yanainama, bwawa linabaki tope na vijiti. Ukiona hivyo usihangaike: imelala. Unakata vijiti juu ya usawa wa maji, kwa sababu vina uwazi ndani na maji yakipenya huko mzizi unaweza kuoza. Unaongeza maji, unaiacha. Huko kwenye barafu huvumilia hata bwawa likiganda juu, alimradi barafu isiufikie mzizi.

Haya yote niliyajua. Nani wa kumwambia mzee?

Alikuja kutoka Tukuyu mume wangu akiwa Tunduma kikazi. Mzee yule hawezi kukaa bure. Alizunguka uani, akaona tope, akaona vijiti, akaguna, "Magimbi ya watu yanaoza hivi hivi." Mimi nipo nyuma ya pazia la jikoni, mkono mdomoni. Akaanza kuchota maji kwa ndoo.

Nikamtuma mwanangu wa darasa la pili. "Mwambie babu hayo si magimbi, ni maua."

Akarudi mbio. "Babu anauliza, maua yako wapi?"

"Mwambie yamelala mpaka Septemba."

Nikamsikia kwa masikio yangu: "Babu, mama anasema amelala mpaka Septemba."

Mzee akasimamisha ndoo. "Ndiyo maana chai haijafika."

Nikapeleka chai, yaani nikampa mtoto apeleke. Nikampigia mume wangu ampigie baba yake. Akapiga. Simu ya mzee ikaita ndani ya koti, koti liko kwenye kiti cha sebuleni, hatua chache kutoka niliposimama. Mkono wangu kwenye koti la baba mkwe! Iliita hadi ikakata. Mtoto naye alikuwa ameshashika ndoo ya pili, anamsaidia babu.

Nikamwita jirani kwa simu: nenda kamzuie. Akaenda vizuri tu. Alipofika mzee ameshang'oa mzizi, ameukata kwa panga, wanautazama wote wawili. Mzizi wa lotasi una matundu yaliyopangika duara, ndiyo njia ya hewa kutoka kwenye majani.

"Funza," mzee akasema.

"Funza gani hao, mzee, wanaokula kwa rula?" jirani akauliza. Badala ya kumzuia, akainama kutafuta funza.

Wakang'oa shimo zima. Jioni mtoto akaniletea beseni limejaa. "Babu anasema uyapike, tundu halina sumu."

Hapo alisema kweli, mzizi huo unaliwa, Wachina na Wajapani wanaupenda. Lakini jua jambo moja: hauwi laini kama gimbi. Nilichemsha, nikatia karanga, nikachemsha tena, mkaa ukaisha. Bado unasikika kwaru kwaru. Kupitia pazia nikamsikia mzee akitafuna kwa bidii, kisha akamwambia mjukuu kwa upole kabisa, "Mama yako kwao hawakumfundisha kuivisha magimbi."

Na siwezi kujibu! Nilimenya kitunguu ambacho sikukihitaji.

Asubuhi akaacha ujumbe, "ndaga fijo", yaani asante sana, kwa chakula, na ahadi. Ahadi ikafika na Kosta ya Tukuyu: kiroba cha miche ya magimbi halisi, konda akiwa na maagizo kwamba ipandwe kwenye lile tope zuri. Mume wangu aliipanda mwenyewe, akiniepuka macho.

Septemba, katikati ya magimbi, likachomoza jani moja la duara. Kuna kipande cha mzizi walikisahau. Nilipiga kelele za furaha, mume akapiga picha akamtumia dada yake aliyeko Tukuyu amwonyeshe mzee.

Jibu likaja jioni hiyohiyo: "Hilo gugu. Mkamwana aling'oe kabla halijaua magimbi."