Nyumba ya Mjerumani na Jirani Yake Mpya

Reli ya Kati ya Wajerumani ilipofika Tabora mwaka 1912 ilikuja na nyumba zake, zenye kuta nene na baraza pana, na baadhi yake zimesimama hadi leo chini ya miembe. Moja kati ya hizo, iliyo mtaani kwetu, imekarabatiwa hivi karibuni, na kando yake limejengwa jengo jipya la ofisi. Sina ugomvi na jengo jipya, kwa kuwa mji unaokua unahitaji nafasi, na nyumba ya kale isiyo na kazi huanguka upesi. Linaloniumiza ni namna kazi yenyewe ilivyofanywa.

Mafundi waliagizwa kubandua lipu ya chokaa na kupiga ya saruji, kwa hoja kwamba saruji ni imara zaidi. Ni imara kweli, lakini kuta nyingi za wakati ule hazikuwekewa kizuizi cha unyevu kwenye msingi, hivyo maji hupanda kutoka ardhini na kupata njia ya kutokea kwenye chokaa, ambayo hupumua. Ukiziba njia hiyo kwa saruji, unyevu hubaki ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya lipu, na hatimaye lipu hubanduka pamoja na uso wa tofali. Misimu miwili tu ya mvua ilitosha kutuonyesha hayo. Tena, ua wa jengo jipya uliinuliwa kwa zege na kuachwa ukiinamia nyumba ya kale, kwa hiyo maji ya bati lote jipya huishia kwenye ukuta wa zamani.

Jengo jipya nalo limebandikwa matao ya saruji ili lifanane na mwenzake. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, ambao wahifadhi wengi duniani huurejea, unataka nyongeza yoyote ionekane kuwa ni ya zama zake. Nakubaliana nao: ningependa kuona kuta nyepesi, madirisha makubwa na paa lililo chini kuliko la nyumba ya kale, pamoja na nafasi ya kutosha kati ya misingi miwili.

Sheria yetu ya Mambo ya Kale, nayo ya mwaka 1964, hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Nyumba za reli zimeukosa mwaka huo kwa takriban nusu karne, na hazina kinga hiyo mpaka waziri azitangaze. Tembe la Kwihara, nyumba ya kale karibu na Tabora alimokaa mvumbuzi Livingstone mwaka 1872, leo ni makumbusho, lakini nyumba hizi zinamtegemea yeyote anayezimiliki. Kwa hiyo naomba kibali cha ujenzi kisitolewe kabla mchoro haujaonyesha majengo yote mawili na mahali maji yatakapoelekea, na wazee wanaojua kuloweka chokaa waitwe na walipwe, wawafundishe vijana wakati wao wenyewe wangali na nguvu.