Pini Iliyokataa Kutoka, Kisha Ikakataa Kukaa

Shemeji yangu anaamini kwamba kitu chochote kilichoingia mahali kitatoka, mradi apatikane mtu wa kukivuta vya kutosha. Imani hiyo imemfaa sana maishani, hasa katika misumari, magugu na madeni anayowadai watu. Kwenye konekta, yaani viunganishi vya nyaya, za magari ya zamani, hata hivyo, haimfai hata kidogo, kwa sababu waliozibuni walijua kwamba watu wa aina yake wapo duniani, wakajiandaa mapema.

Gari lenyewe ni dogo, la Uingereza, la mwaka 1972, na kazi tuliyoikusudia ilikuwa ndogo kuliko gari. Konekta ya plastiki iliyo chini ya usukani, ile inayokusanya nyaya za honi, indiketa na taa kubwa, ilikuwa imepasuka kwa uzee, nami nilikuwa nimepata nyingine iliyo nzima. Kilichobaki kilikuwa kuzitoa pini, yaani ncha za chuma za nyaya, kwenye plastiki ya zamani na kuzichomeka kwenye mpya. Nilitoa kebo ya betri, nikalala chali chini ya dashibodi, miguu ikiwa juu ya siti na kichwa kikiwa mahali pa kanyagio la klachi, kisha nikaanza kumweleza shemeji jinsi mambo yanavyokwenda, naye akiwa amechuchumaa mlangoni pamoja na redio yake, aliyoileta ili kazi isituchoshe.

Nilimweleza kwamba kila pini ya aina hii ina vilimi viwili vyembamba, kimoja kila upande, ambavyo hulala pini inapoingia na kufunguka mara tu inapopita ukingo uliomo ndani ya plastiki. Tangu hapo, anayevuta waya anavikaza tu vile vilimi kwenye ule ukingo, na kadiri anavyovuta kwa nguvu ndivyo vinavyozidi kushika. Dawa yake ni kuusukuma waya ndani kidogo kwanza ili vilimi viache kuegemea ukingo, kisha kuingiza kijibomba chembamba kutoka upande wa mbele, kikaivaa pini na kuvilaza vilimi vyote viwili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo waya hutolewa kwa nyuma kwa upole. Kipo kifaa maalumu cha kazi hiyo. Sisi hatukuwa nacho, kwa kuwa vifaa maalumu hupenda kukaa katika karakana za watu wasiovihitaji.

Nilikuwa bado natafuta maneno mazuri ya kueleza upole niliposikia kitu kikikatika.

"Umetoka," akasema shemeji, akiniteremshia waya wa buluu wenye mstari mwekundu ili niushangilie.

"Shemeji, pini imebaki ndani."

"Wewe ulizungumzia waya. Waya huu hapa."

Nilimwomba asishike kitu kwa muda, nikaenda kuazima pini za nywele za mke wangu, ambaye ni dada yake, na ambaye alitaka kujua zinakwenda kufanya nini ndani ya gari. Jibu nililompa lilikuwa la kweli kabisa, lakini halikumridhisha. Tulizinyoosha mbili kwa koleo, na hapo ikaanza sehemu ya kazi ambayo mpita njia angeielewa vibaya, kwa maana wanaume wawili wazima walikuwa wameingiza vichwa mahali palipokusudiwa miguu ya dereva mmoja, wakipumuliana usoni na kugombania tochi. Nilipokilaza kilimi cha kushoto, cha kulia kilisimama. Shemeji alipokilaza cha kulia, cha kushoto kilisimama.

"Umebana?"

"Nimebana."

"Basi sukuma waya kwanza."

"Nisukume ndani kitu ninachotaka kitoke nje?"

"Ndiyo, shemeji."

Alinyamaza akiwaza, nami nikadhani elimu imeingia. Kumbe alikuwa anatafuta mahali pa kuweka goti ili avute vizuri. Pini ya nywele ilinichoma chini ya ukucha wa kidole gumba, nikainua kichwa kwa ghafla, na kwa kuwa juu ya kichwa palikuwa na nguzo ya usukani, tulisimamisha kazi.

Wakati shemeji amekwenda kunywa maji, macho yangu yaliiangukia antena ya redio yake. Asiyewahi kukwama hataelewa furaha niliyoipata. Antena ya kuvuta ni vijibomba vilivyoingiliana, kila kimoja chembamba kuliko kilichokitangulia, na mahali fulani kati ya kinene kuliko vyote na ile ncha kuna kimoja kinachoivaa pini yako kama kilichongwa kwa ajili yake. Nilikata kipande kifupi kwa msumeno wa chuma, nikapiga tupa ukingo mpaka ukawa mwembamba, nikaurudisha mwili wa antena ndani ya redio pasipo kusema lolote. Redio ilipoanza kukoroma badala ya kutangaza, shemeji alisema ni betri, nami sikuona sababu ya kubishana na mgeni.

Kijibomba kiliingia. Nilisukuma waya, nikakizungusha kidogo, nikasikia vilimi vikilala, na pini ikatoka yenyewe bila ugomvi. Shemeji aliona, akakubali kwamba njia hiyo inafanya kazi, akakitwaa kijibomba mkononi mwangu na, kabla sijapata kalamu ya kuchora ipi ilikuwa tundu gani, akazitoa zote zilizobaki kwa shangwe ya mtu aliyegundua kitu yeye mwenyewe.

Watu husema jambo kama hilo si kitu katika magari ya Uingereza ya miaka ile, kwa kuwa nyaya zake zina mpangilio maarufu wa rangi. Kahawia ni moto, yaani umeme, wa moja kwa moja kutoka kwenye betri usiopitia fyuzi, nyeupe ni moto unaoletwa na swichi ya ufunguo, kijani ni ule uliopita swichi na kisha fyuzi, zambarau ni ule wenye fyuzi lakini usiongoja ufunguo, na nyeusi ni athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia chuma cha gari. Ni mpangilio mzuri sana kwa gari jipya. Kwenye gari lililokula vumbi na grisi zaidi ya miaka hamsini, zambarau na kahawia ni ndugu, nyeupe imeshasilimu kuwa kahawia, na ile mistari myembamba huonekana tu kwa mtu anayeitaka ionekane. Nilizipangusa kwa kitambaa na spiriti, nikampa shemeji kazi ya kuzichomeka kwenye konekta mpya nikimtajia matundu, huku mimi nikiiondoa ile pini aliyoikata na kuubania waya wake pini nyingine.

Pini inayoingia vizuri hulia "ta!" Yangu ililia. Zake sikuzisikia, lakini redio ilikuwa inakoroma.

Tulirudisha kebo ya betri, tukawasha taa, tukabonyeza honi, vyote vikaitika, tukatoka barabarani kulijaribu gari. Kwenye kona ya kwanza honi ililia. Dereva aliyekuwa mbele yetu alisogea pembeni kwa adabu. Niliponyoosha usukani ikanyamaza, tukatazamana, kisha kwenye kona ya pili ikalia tena, na safari hii haikunyamaza. Nilisimama kando ya barabara, nikazima injini, nikatoa ufunguo. Honi iliendelea kulia kwa sauti ile ile, kwa kuwa moto wake ni wa zambarau usiongoja ufunguo, na kazi ya kitufe cha usukani ni kuupeleka kwenye athi waya wa zambarau wenye mstari mweusi tu. Waya huo ukigusa chuma chochote cha gari, umebonyezwa. Vilimi ambavyo kijibomba kilivilaza wakati wa kutoa havikukunjuliwa kabla ya kuchomekwa upya, kwa hiyo pini iliyotushinda nusu siku kutoka ilikuwa imetoka yenyewe kwa nyuma, ikalala juu ya bamba la nguzo ya usukani na kupumzika hapo.

Shemeji alishuka na kuanza kuwaomba radhi wapita njia, mmoja mmoja, kwa ishara za mikono kwa kuwa sauti yake haikusikika. Nilifungua boneti kutoka ndani, nikamwelekeza kwenye kisanduku cha fyuzi za kioo.

"Vuta fyuzi ya honi!"

"Nini?"

"Vuta! Vuta fyuzi!"

Aliinama, akaishika, kisha akainua kichwa kunitazama kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona kwake tangu nimwoe dada yake.

"Nisisukume kwanza?"

Tulirudi nyumbani bila honi na bila maongezi. Nilizitoa tena pini zake zote, nikavikunjua vilimi kwa ncha ya kisu mpaka vikasimama, nikazichomeka moja baada ya nyingine nikingoja "ta!" ya kila moja, na baada ya kila mlio nikamruhusu auvute waya kidogo kuhakikisha kwamba umeshika. Alivuta kwa furaha isiyo kifani. Zote zilishika, na honi ikarudi kwenye utii wa kitufe.

Kasoro ilibaki moja. Kijani chenye mstari mwekundu ni indiketa ya kushoto na kijani chenye mstari mweupe ni ya kulia, na mle ndani, kwa vumbi lile, mwekundu na mweupe walikuwa wamebadilishana nyumba, hivi kwamba gari lilitangaza kwenda kushoto kila nilipotaka kwenda kulia. Shemeji alishauri nizoee kuiwasha kinyume, kwani anayeendesha ni mimi peke yangu. Nilipokataa, alikunja mikono ya shati na kuusogelea ule waya wa kijani. Nikampa koleo zote mbili azishike, moja kila mkono, nikamwambia asiziachie hata kidogo, nikaingia chini ya dashibodi na kijibomba changu.